Somo la Afya: Maumivu ya Magoti na Unga wa Kolajeni

Chukueni kalamu na madaftari. Neno letu la leo ni gegedu. Liandikeni: GE-GE-DU.

Gegedu ni kile kitu cheupe, kigumu, chenye kuteleza, mnachokiona kwenye ncha za mifupa ya kongoro. Nasi tunalo ndani ya goti. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisuguane na mwenzake. Miaka ikipita, hasa mwili ukiwa mzito au goti likiwa liliumia zamani, gegedu hulika. Hapo goti huuma, hukaza asubuhi, na mtu huona taabu kuinuka mkekani. Watu husema, "Magoti yamekwisha mafuta." Sivyo. Ni gegedu lililolika, wala halioti tena likawa kama la ujana.

Mama mmoja wa darasa la Temeke aliniletea kopo la unga wa kolajeni. "Mwalimu, nisomee. Nimeambiwa unaotesha gegedu jipya." Bei yake ilikuwa sawa na matumizi yake ya jikoni ya wiki nzima. Nikamwambia, "Mama, leo utasoma mwenyewe." Kwa bahati maandishi yalikuwa ya Kiswahili. Akasoma polepole: kolajeni, sukari, ladha ya chungwa. Habari ya gegedu jipya haikuwamo. Aliisema muuzaji tu.

Kolajeni ni nini basi? Ni protini iliyomo katika ngozi, kano na mifupa. Mnaijua. Chemsheni kongoro kwa saa nyingi, iacheni supu ipoe, nayo itaganda. Kinachoigandisha ni kolajeni. Ukiila, tumbo huivunjavunja kama linavyovunja protini ya maharage au dagaa, na mwili huvitumia vile vipande popote unapohitaji. Hakuna njia itokayo tumboni moja kwa moja hadi gotini. Wataalamu wamewajaribia wagonjwa unga huo. Baadhi walipata nafuu kidogo ya maumivu. Lakini majaribio mengi yalikuwa madogo, na mengine yalilipiwa na wenye kuuuza. Kwa hiyo sikumwambia mama yule kuwa ni sumu. Nilimwambia asiuze kuku wake kwa ajili ya kopo la pili.

Linalosaidia zaidi ni kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya paja. Mtu mnene akipungua kilo 1, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Lakini goti likivimba ghafula na kuwa la moto, au ukipata homa, usingoje. Nenda kituo cha afya, au hospitali ya Temeke au Mwananyamala.

Sasa wekeni kalamu chini. Kaeni kitini. Nyosheni mguu wa kulia mbele, kazeni paja, hesabuni mpaka 5, shusheni polepole. Fanyeni hivyo mara 10 kila siku. Paja likichoka si neno. Goti likichoma, punguzeni. Haya, mguu wa kushoto: moja, mbili...