Umeinua Gari? Rekebisha Miguu ya Mbele
Hii ni kwako mwenye Land Cruiser ya kazi, uliyeifunga springi ndefu ili ipite kwenye mawe na makorongo.

Kuinua gari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurekebisha miguu ya mbele.

Kwa nini? Kama gari lako lina ekseli nzima na springi za koili mbele, ukiliinua, ekseli inazunguka kidogo. Pembe inayorudisha usukani katikati inapungua. Matokeo utayaona barabarani: ukikata kona, usukani haurudi wenyewe. Ukiingia lami na kuongeza mwendo, gari linayumba, na wewe kazi yako ni kulirudisha njiani. Usiizoee hali hiyo. Ni hatari.

Kisha kuna ile nondo ndefu iliyolala mshazari, inayoshika ekseli na chesisi. Gari likiinuliwa, nondo inavuta ekseli upande. Simama mbele ya gari utazame: tairi moja imetokeza nje kuliko nyingine.

Sasa fanya hivi. Mwambie fundi afunge bushi za kurekebisha pembe, na nondo inayorekebishika urefu. Kisha aning'inize magurudumu na kukagua mipira ya breki. Ikikaza, iwekwe mirefu zaidi. Hapo usibane pesa hata kidogo. Mwisho, peleka gari likapimwe alaimenti.

Nasema tena: kuinua ni nusu ya kazi. Kama miguu ya mbele haijarekebishwa, tafadhali, usipakie abiria.