Samaki Ana Kipimo, Mfanyakazi Ananusa



Ukisimama Buzuruga alfajiri utawaona akina mama na vijana wakigombea daladala za kwenda Nyakato na Igoma, kuwahi zamu viwandani. Wengi ni vibarua. Katika kiwanda cha minofu, sangara hupimwa ubaridi tangu anapopokelewa mpaka anapofungwa kwenye boksi. Je, hewa anayoivuta yule anayemkata hupimwa na nani?

Tukumbuke kipimo cha samaki kilivyopata heshima. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, kwa sababu kulikuwa na wavuvi waliotumia sumu kuvulia. Mnunuzi aliye mbali alisema hanunui, basi maabara na ukaguzi vikapewa uzito. Mama anayesimama kwenye meza ya minofu hana sauti ya namna hiyo.

Majokofu makubwa ya viwanda vya samaki, vya barafu na vya vinywaji mara nyingi hupozwa kwa amonia. Ni gesi hodari kwa kazi hiyo, na haina gharama kubwa. Lakini huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo inapopasua bomba hugeuka moshi papo hapo. Hupenda maji, nayo huyakuta machoni, kooni na mapafuni. Wataalamu wengi huweka kikomo cha sehemu 25 katika milioni ya hewa kwa kazi ya kutwa nzima. Ikifika sehemu 300, mtu asiye na kinga anapaswa kuwa amekwishatoka.

Wapo watakaosema amonia inanuka, kila mtu ataisikia. Ni kweli, pua huisikia mapema. Lakini pua huzoea, na tena haiwezi kusema kama ni sehemu 20 au 200. Kwenye shimo la maji machafu ya kiwanda, ambako mabaki ya samaki huoza, hutoka gesi nyingine yenye harufu ya yai viza. Hiyo ikizidi huua kwanza uwezo wa kunusa, kisha humuua mwenye pua.

Kwa hiyo vinahitajika vifaa vya kutambua gesi. Hapo ndipo penye matatizo, kwani kununua kifaa ni jambo moja na kukifunga inavyotakiwa ni jambo jingine kabisa. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Kifaa chake hufungwa juu, karibu na dari la chumba cha mitambo. Hata hivyo amonia inayotoka ikiwa ya maji na baridi kali hutambaa chini kama ukungu kabla ya kupanda, ndiyo maana panahitajika kifaa kingine karibu na pampu na vali. Klorini ya kusafishia maji, kinyume chake, ni nzito zaidi ya mara mbili ya hewa, na kifaa chake hukaa karibu na sakafu. Fundi anayevipanga vyote kwenye mstari mmoja ukutani, kwa sababu unapendeza, amepamba ukuta tu.

Kisha kuna maji. Viwanda vya samaki huoshwa kwa mipira ya maji kila zamu. Kifaa kisicho na kinga kitalowa, kiache kufanya kazi, na taa yake pengine iendelee kuwaka kijani. Kisikae pia mbele ya feni inayoingiza hewa safi, maana kitapima upepo wa ziwa.

Na huyo fundi mwenyewe? Mara nyingi ni mtu wa mkataba, ameitwa kwa siku mbili, hajui bomba lipi lina mgandamizo na lipi ni tupu. Anapewa ngazi na drili, anaachwa peke yake. Asianze kabla hajaonyeshwa ramani ya mabomba na kupewa kibali cha kazi cha maandishi. Swichi ya umeme anaoushughulikia ifungwe kwa kufuli, ufunguo akae nao yeye. Awe na kifaa kidogo cha kupimia gesi kifuani, barakoa inayoziba uso mzima yenye kichujio cha amonia iwe karibu, na mtu asimame mlangoni akimwona. Barakoa hiyo ni ya kutokea tu. Gesi ikiwa nyingi haitoshi kurudi nayo ndani.

King'ora na taa viwe ndani na nje ya mlango, ili anayekuja ajue kabla ya kuingia. Vilevile viwe na betri, kwa kuwa umeme ukikatika gesi haikatiki.

Kule Kanada, katika mji wa Fernie, tarehe 17 Oktoba 2017, king'ora cha amonia kililia alfajiri kwenye ukumbi wa michezo ya barafu. Kifaa kilifanya kazi yake. Baadaye siku hiyo hiyo wafanyakazi watatu walikufa kwa gesi hiyo, mmoja wao akiwa fundi wa majokofu aliyeitwa kutoka nje. Kwa hiyo pamoja na king'ora inatakiwa amri inayoeleweka: nani anatoka, nani anaruhusiwa kurudi, na baada ya kipimo gani. Kibarua aliyeanza leo asubuhi aijue sauti ile, ajue pia kuukimbia moshi kwa kukata upande wa upepo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, imeweka wajibu kwa mwajiri na imewataja wawakilishi wa usalama na afya wa wafanyakazi. Hao wana kazi. Chembe ya kunusia ndani ya vifaa vya aina nyingi huchakaa baada ya miaka 2 au 3, hata kama haikuwahi kukutana na gesi. Inatakiwa kupimwa kwa gesi maalumu ya majaribio, na tarehe kuandikwa. Mwakilishi aombe kuliona daftari hilo Jumatatu, na aangalie kama king'ora hakijafungwa kitambaa na mtu aliyechoshwa na kelele.