Kutoka Utange hadi Bunge la Marekani
(Hotuba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kamati imetutaka sisi walimu tuseme juu ya Bi Ilhan Omar na kazi yake ya siasa. Tunajua wapo kati yenu wasiopenda maneno yake. Leo hatukuja kuyapima. Tumekuja kueleza njia aliyopita, maana ilipitia kambini.

Alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Mama yake, mtu wa Benadiri, alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na baba na babu. Vita vilipowatoa, wakakimbilia Kenya, wakakaa miaka minne kambi ya Utange, Mombasa. Wazee mnaikumbuka. Watu wetu wa Kismayu, Koyama, Chovai na Chula waliofika kwa mashua na majahazi wengi waliwekwa Jomvu, na sisi tunaosema hapa tulikuwa wa kubebwa mgongoni. Kambi hizo zimefungwa zamani.

Mwaka 1995 familia yake ilipokewa Marekani, baadaye ikahamia Minneapolis. Alipokuwa na miaka 14, babu yake alimchukua kwenye mikutano ya mtaa ya chama cha Democratic ili amfasirie. Hapa tunaomba tutue kidogo. Yule mzee alitaka kusikia mambo ya mji aliofikia, na ulimi alionao ni wa mjukuu wa kike. Hakumwacha nyumbani. Msichana akifasiri huku akijifunza hoja inaletwaje, nani ananyamazishwa, kura inahesabiwaje. Darasa hilo hatuna sisi walimu.

Wala hakurukia kiti. Mwaka 2012 na 2013 alisimamia kampeni za watu wengine. Februari 2014 alipigwa na kuumizwa katika mkutano wa chama uliovurugika. Mwaka 2016, katika kura ya mchujo, akamshinda Phyllis Kahn, aliyekuwa na miaka 44 katika kiti hicho, akaingia bunge la jimbo la Minnesota. Novemba 2018 akachaguliwa Bunge la taifa. Bunge hilo lilikuwa na kanuni ya miaka 181 ya kukataza kufunika kichwa ukumbini. Januari 2019 ikalegezwa, naye akaingia na kilemba chake.

Raha hakuipata. Julai 2019 umati wa watu katika mkutano wa Rais Trump ulipiga kelele kwamba arudishwe alikotoka. Mchujo wa 2022 aliupita kwa kura chache. Februari 2023 wabunge wakamtoa Kamati ya Mambo ya Nje kwa kura 218 dhidi ya 211. Novemba 2024 wapiga kura wake wakamchagua mara ya nne.

(Si Wasomali tu. Stephanie Murphy alitolewa Vietnam kwa mashua mwaka 1979 akiwa mtoto mchanga, na mwaka 2016 Florida ikamchagua mbunge. Watu wa bahari wenzetu.)

Lakini tusidanganyane. Bi Ilhan alipata uraia mwaka 2000, miaka mitano tu baada ya kufika. Hapa wapo waliozaliwa kambini, wakazaa kambini, na hawana kura popote, si huku wala Kismayu. Bidii ya mwanafunzi haiwezi kuziba pengo hilo, na wageni wetu wa mashirika tunawaomba wasituhubirie bidii peke yake.

Kura tuliyo nayo ni ya Kamati hii. Wazee, tazameni hapo mbele mhesabu wanawake waliokaa. Kisha ulizeni wasichana wetu wanaotolewa shule kabla ya darasa la nane wanakwenda wapi.

Mkutano wa mabloku ni Alhamisi baada ya Alasiri. Kila mzee asiyejua Kiingereza aje na mjukuu wake, wa kike akiwapo, aketi karibu naye amfasirie wageni wanasema nini. Majina tunayaandika leo, kwa mwalimu wa zamu, pale penye mtungi wa maji.