Juisi ya Mboga na Mlo wa Mgonjwa wa Kongosho

Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula. Kila siku humwaga katika utumbo mdogo maji yapatayo lita moja na nusu, yenye vimeng'enya vya kuvunja mafuta, protini na wanga. Upande wa pili huitia damu insulini. Vimeng'enya vya kuvunja protini hutoka vikiwa vimelala na huamshwa utumboni. Vikiamka mapema ndani ya tezi, huanza kuila tezi yenyewe. Huko ndiko kuvimba kwa kongosho: maumivu makali ya juu ya tumbo yanayotoboa hadi mgongoni, pamoja na kutapika.

Sababu kuu mbili ni mawe ya nyongo na pombe. Lubumbashi ina zote mbili. Kuna bia, kuna lutuku, pombe kali ya kienyeji, na kuna vijana wengi wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao mitaani huitwa SS. Chembe zao za damu zikivunjika kila mara, mawe ya nyongo hujijenga mapema. Ipo pia aina sugu ya nchi za joto, yenye chokaa ndani ya tezi, inayowapata vijana wasiogusa pombe. Mwaka 1960, A. G. Shaper alieleza kutoka Kampala uhusiano wa ugonjwa sugu wa kongosho na upungufu wa protini. Mwaka 1979 McMillan na Geevarghese walishuku sianidi ya muhogo. Dhana hiyo haikuthibitika, na baadaye huko India yalionekana mabadiliko katika jeni la SPINK1. Mla bukari (ugali) wa muhogo hana haja ya kuogopa sahani yake kwa sababu hiyo.

Sifa za juisi ya mboga kama tiba ya kongosho zimesimama juu ya hoja moja: mboga mbichi zina vioksidishi-kinzani, na vitu hivyo hupoza uvimbe. Hoja ina mizizi, lakini ushahidi umegawanyika. Majaribio ya Delhi yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vidonge vya vioksidishi-kinzani vilipunguza maumivu ya ugonjwa sugu. Yale ya Manchester ya mwaka 2012 hayakuona nafuu yoyote. Tena vilijaribiwa vidonge vyenye kipimo maalumu, si bilauri ya karoti. Na kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama kwa tezi iliyovimba: Uholanzi, katika majaribio ya mwaka 2008, wagonjwa mahututi wa kongosho waliopewa bakteria wazuri, wa aina ya wale wa maziwa ya mgando, walifariki asilimia 16, dhidi ya asilimia 6 ya wenzao.

Shida kubwa ya mgonjwa sugu ni kukonda. Vimeng'enya vikipungua, mafuta hupita bila kusagwa. Choo huwa cha rangi hafifu, kinanuka sana na huelea, na vitamini A, D, E na K hupotea pamoja na mafuta hayo. Mtu wa kilo 60 katika hali hiyo anahitaji walau gramu 72 za protini kwa siku. Robo lita ya juisi ya karoti ina gramu mbili hivi. Zingetakiwa bilauri 36, na sukari yake ingemwangusha mgonjwa kabla ya kufika ya kumi, kwa kuwa tezi iliyochakaa mara nyingi huleta kisukari pia.

Majani ya kijani yana hatari yake ya pekee. Lengalenga limejaa oksalati. Kwa mtu mzima wa afya, kalsiamu huikamata oksalati utumboni na kutoka nayo. Kwa mgonjwa ambaye mafuta hayasagwi, mafuta hayo ndiyo yanayoikamata kalsiamu, na oksalati inabaki huru, inaingia damuni na kuishia kwenye figo. Mafungu matatu ya lengalenga bichi yakikamuliwa bilauri moja asubuhi, kila siku, ni njia ya kutengeneza mawe ya figo. Yakichemshwa na maji yake kumwagwa, sehemu nzuri ya oksalati huondoka.

Sombe ndiyo hairuhusiwi kabisa kunywewa mbichi. Jani la muhogo hutoa sianidi linapopondwa. Ndiyo maana hutwangwa kinuni, kisha huchemshwa muda mrefu, mvuke ukitoka na sumu yake. Mashine ya kusaga hutwanga tu.

Kwa Lubumbashi kuna jambo jingine. Uyeyushaji wa shaba ulianza hapa mwaka 1911 chini ya Union Minière, na udongo haujasahau. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Mboga za majani hufyonza metali hizo. Kuosha huondoa vumbi, hakuondoi kilichopanda kwa mizizi. Anayekula sahani ya mboga anakula fungu moja. Mnywaji wa juisi humeza mafungu kadhaa. Vijidudu vya maji machafu ya kumwagilia, katika mkoa ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, navyo havifi kwa mashine.

Basi mgonjwa ale nini? Shambulio la ghafla likitulia, hafungiwi chakula siku nyingi kama zamani: mara anapoweza, huanza na chakula laini chenye mafuta machache. Mgonjwa sugu hula mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo: bukari laini, mayai, samaki, dagaa, maharagi yaliyoiva sana, na mboga za kupikwa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 haumnyimi mafuta, ila yakimtoka chooni hata akiwa kwenye vidonge vya vimeng'enya. Na mawese mekundu humpa vitamini A anayoipoteza. Nyuzinyuzi zisizidi, kwa kuwa huzuia vimeng'enya kufanya kazi. Bilauri ndogo ya karoti pamoja na mlo haina dhambi.

Pombe na tumbaku ziachwe kabisa. Na mwenye maumivu mapya makali ya juu ya tumbo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, juisi isubiri.