Kabla Hujajenga Ukuta

Leo tuzungumze juu ya ukuta wa bustani.

Wazee wetu walipanda mulamula mpakani. Mti ule ulikuwa shahidi. Siku hizi wengine wanajenga kuta za matofali. Si vibaya. Lakini ukuta ukijengwa mahali pasipotakiwa utavunjwa, na fedha yako imekwenda.

Sasa sikilizeni.

Kwanza, maji. Bustani nyingi ziko bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wewe wa kando ya Mto Kagera, chukua kamba upime.

Pili, hifadhi. Mwaka 2019 tulipata Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Usivuke mpaka wake na ukuta wako.

Tatu, jirani. Wako watu wanaosogeza mpaka kidogo kidogo, hasa kwa mama mjane. Huo ni wizi. Mwite jirani, mkubaliane mbele ya mashahidi. Mwone mtendaji wa kijiji kabla ya kuchimba msingi. Mjini, kama Kayanga, omba kibali cha ujenzi halmashauri. Mkigombana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha.

Mkiandikiana, soma karatasi mwenyewe, ndipo utie sahihi. Kwa nini tulijifunza kusoma?