Maradhi ya Ini Yasiyotokana na Pombe
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri iliponiagiza niseme mbele yenu juu ya afya, ilitazamia kwamba ningezungumza habari za malaria au za usafi wa visima, kama walivyofanya walionitangulia. Naomba radhi kwa kuyaacha hayo. Nitasema juu ya ugonjwa mmoja wa ini ambao wengi wetu hatukupata kuusikia, kwa sababu ugonjwa huo umekwisha kupita katika daftari zetu, nasi tukauandika vibaya.

Mwaka 2021 mwanachama mmoja, mama mshona nguo, alileta ombi la msaada wa matibabu. Macho yake yalikuwa ya manjano, tumbo lilikuwa limejaa maji, na miguu imevimba. Halmashauri ikatazama kile kifungu cha kanuni zetu kisemacho kwamba mfuko hautamsaidia mtu aliyejiletea maradhi kwa ulevi. Ikaonekana kwamba ini haliharibiki bure bure, na ombi likakataliwa. Barua ya kukataa niliiandika mimi. Mama huyo hajapata kuonja pombe maishani mwake. Ameniruhusu niyaseme haya pasipo kumtaja jina.

Ni haki kukiri kwamba fikira ile haikutoka hewani. Maradhi ya ini tuliyoyazoea yana sababu zinazoonekana. Iko pombe, hasa ile ya magendo. Viko virusi vya homa ya ini vinavyopita kwa damu. Iko sumu ya ukungu wa mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao huko Ukambani. Kwa hiyo mtu akiona macho ya manjano, moyo wake hukimbilia chupa, au hukimbilia uchawi, ambao nao ulitajwa katika habari ya mama huyu, tena na watu waliosoma.

Ugonjwa ninaousema ni mwingine. Mwili wa binadamu una kinga yake, nayo hufanya kazi kama askari wa zamu: hutambua mgeni mbaya na kumwangamiza. Katika ugonjwa huu askari hupotewa na akili, akamwacha mwizi akamvamia mwenye nyumba. Kinga hulishambulia ini, ini huvimba kwa ndani, na likiachwa hivyo miaka kadhaa hujaa makovu mpaka likawa gumu, lisiweze tena kuisafisha damu. Si ugonjwa wa jana. Mwaka 1950 daktari Jan Waldenström wa Sweden alieleza habari za wanawake vijana waliokuwa na homa ya ini isiyokoma, na mwaka 1956 Ian Mackay na wenzake wa Melbourne, katika Australia, wakaonyesha kwamba damu ya wagonjwa kama hao ina dalili za mwili kujipiga wenyewe.

Swali ambalo kila mzee ataniuliza ni hili: humpata nani, na kwa nini? Sababu kamili ya mtu fulani kupatwa na jirani yake kuachwa haijulikani na daktari yeyote ulimwenguni. Yajulikanayo ni mambo yanayoongeza hatari. La kwanza ni kuwa mwanamke. Katika kila wagonjwa wanne, watatu au zaidi ni wanawake; nalo laweza kumpata msichana wa shule, au mama wa miaka hamsini, ingawa hakuna umri uliosalimika kabisa. Hapa ndipo dhana yetu ya ulevi ilipotupoteza zaidi, maana tulimhukumu mwanamke kwa ugonjwa ambao wanawake ndio wanaoupata kwa wingi.

La pili ni nasaba. Katika damu tunayorithi kwa wazazi zimo alama ambazo kwazo kinga humtambua mwenyeji na mgeni, na baadhi ya alama hizo huonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa hawa. Lakini msifahamu kwamba ugonjwa hurithiwa kama shamba. Walio wengi wenye alama hizo huishi hadi uzee bila ya kuugua, na watoto wa mgonjwa walio wengi hawapatwi. Kinachofaa kuangaliwa katika ukoo ni maradhi ya namna moja na haya: tezi ya shingo iliyoshambuliwa na mwili wenyewe, viungo vinavyovimba na kupinda, ugonjwa wa sukari unaoanza utotoni. Mtu mwenye moja la hayo, au mwenye ndugu wa damu mwenye hayo, akiona uchovu usiokwisha na macho yakigeuka rangi, asingoje. Mama yetu alikuwa na dada aliyeugua tezi namna hiyo, wala hakuna aliyemwuliza.

La tatu ni vile vinavyoiamsha kinga kwa mtu ambaye tayari ana udhaifu huo. Wako walioanza kuugua baada ya homa ya virusi. Wako wengine walioanza baada ya kunywa dawa fulani kwa muda mrefu: nitrofurantoini, inayotolewa kwa maradhi ya njia ya mkojo, na minosaiklini, inayotolewa kwa chunusi, zinajulikana kwa jambo hili. Sisemi mtu aziache dawa alizoandikiwa. Nasema asizinunue dukani mwezi baada ya mwezi bila ya daktari kumpima damu. Dawa za miti shamba nazo zimo katika hesabu hiyo, kwani baadhi yake huliumiza ini, na muuzaji wa sokoni hana kipimo.

Sasa nafika penye miba. Wazee wetu wa Meru wananisikiliza, na miraa ni karo ya watoto wao. Sikusimama hapa kuwavunjia soko. Lakini madaktari wa Uingereza wameandika habari za watafunaji wa miraa, wengi wao wanaume wenye asili ya Somalia, waliopatwa na homa ya ini iliyofanana sana na ile ya mwili kujishambulia. Baadhi yao walipoacha walipona, na waliporudia kutafuna ini likarudia kuvimba. Huko Harar, katika Ethiopia, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hatari ya maradhi sugu ya ini, kwa ujumla wake, huongezeka kadiri mtu anavyotafuna zaidi. Haijathibitika kwamba miraa peke yake yaleta ugonjwa huu wa kinga, na watafunaji wengi hawaupati. Kwangu mimi hayo yatosha kumwambia kijana ambaye macho yake yamekuwa ya manjano kwamba aliweke chini lile furushi mpaka apimwe.

Pombe siyo asili ya ugonjwa huu. Hudhuru ini lililokwisha kuumia, na mgonjwa huamriwa kuiacha. Hilo ni jambo jingine. Wala ugonjwa hauambukizi. Katika nyumba ya mama huyu sahani yake ilitengwa na kikombe chake kikafungiwa kabatini, hata mjukuu akakatazwa kulala naye. Mtu aweza kula naye, kulala naye na kumwogesha, asipate lolote.

Kilichoniuma zaidi nilipojifunza habari hizi ni kwamba dawa ipo. Katika hospitali ya Royal Free ya London, Sheila Sherlock na wenzake waliwagawa wagonjwa 49 mafungu mawili. Matokeo yalitangazwa mwaka 1971. Waliopewa prednisoloni walikuwa 22, wakafa 3. Wasiopewa walikuwa 27, wakafa 15. Prednisoloni ni kidonge cha bei ndogo, nayo azathioprini iliyoongezwa baadaye ingali ikitumika pamoja nayo hadi leo. Kilicho ghali ni kuutambua ugonjwa: kupima damu namna kadhaa, na mara nyingi kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano na kukitazama kwa darubini. Fedha hizo ndizo mama yetu alizotuomba. Ilimchukua miezi kumi na mmoja kuzichanga kwa jamaa na kwa kuuza cherehani yake, na alipopimwa makovu yalikuwa yamekwisha kuenea.

Yu hai, namshukuru Mungu. Tumbo limepungua, na anashona kwa cherehani ya kuazima. Vidonge vyamnenepesha uso, kama ilivyo desturi ya prednisoloni, na nimesikia kwa masikio yangu, penye lango la ukumbi huu, mwanachama akisema kwamba ugonjwa gani huu wa kunenepa. Vidonge hivyo vyaweza pia kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, wala haviachwi ghafula kwa sababu ya maneno ya langoni.

Kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti naleta mbele ya mkutano hoja mbili. Ya kwanza, kifungu kile kirekebishwe, ili ombi la ugonjwa wa ini lisikataliwe kwa sababu ya ulevi ila kwa cheti cha daktari, na gharama ya kupimwa itolewe na mfuko kabla sababu haijajulikana. Mweka hazina amenionyesha hesabu. Akiba ya mwaka huu yaweza kubeba wagonjwa wa namna hiyo wawili, labda watatu. Ya pili ni ndogo. Nakala ya barua niliyoiandika mwaka 2021 ingali katika faili, yenye muhuri wa chama na sahihi yangu. Naomba mkutano uniamuru niandike nyingine ya kuifuta, na wazee wawili wafuatane nami kumpelekea nyumbani kwake.