Maiti Haijibebi



Katika siku hii ya furaha twapenda kusema kidogo juu ya kaburi. Msishangae, maana hakuna Jubilei isiyo na wafu wake.

Tukumbuke habari za mwaka 1873. Tarehe 1 Mei Dk. David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Susi na Chuma na wenzao waliogopa kumwambia mwenye mji, wasije wakatozwa faini. Lakini Chitambo alipojua hakudai kitu, bali alikuja na watu wake na ngoma zao, akaomboleza pamoja nao. Moyo wa marehemu wakauzika chini ya mti, naye Jacob Wainwright akasoma sala. Kisha wakaukausha mwili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauchukua zaidi ya maili 1000. Walipofika Unyanyembe walishauriwa wauzike huko huko, nao wakakataa. Hata Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa Wakatoliki, wakaupokea mwili wa Mskoti asiye wa kanisa lao.

Wachukuzi hao walikuwa wa makabila mbalimbali, na baadhi yao walikuwa wamekombolewa utumwani. Bwana wao amekwisha kufa, wala hapakuwa na wa kuwaamuru. Msiba ndio uliowafanya ndugu.

Wahenga walisema, kufa kufaana. Wengi husema hivyo kwa kuwacheka warithi. Sisi twalichukua neno hili kwa maana nyingine. Maiti haijibebi. Humtoa jirani nyumbani mwake, hata yule tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Na mabega mawili yakiwa chini ya machela moja, ugomvi hupungua njiani.

Lakini twaona haya kukiri ya kuwa tajiri huzikwa na umati, na mgeni asiye na jamaa huzikwa na watu wanne. Basi, katika Jubilei hii kila mtaa usafishe makaburi yake, ukianza na yale yasiyo na majina. Nanyi walimu mwende na watoto. Wala asife mtu kati yetu akakosa wa kumbeba.

Zamu yetu nayo yaja. Mungu atujalie tuwe tumekwisha kubeba wenzetu kabla hatujabebwa.